Samani na Thamani: Uhakiki wa Mtindo wa Katikati ya Karne

UTANGULIZI

Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani, hapa Uganda, tunalijua kosa moja lisilokoma katika madaftari ya wanafunzi wetu. Mwanafunzi hukusudia kuandika "thamani", naye huandika "samani". Kwa karibu miaka ishirini tumelisahihisha kosa hilo kwa wino mwekundu, kisha tukaendelea na sentensi inayofuata. Haikutupitikia hata mara moja kwamba siku moja tungeyakuta maneno hayo mawili yakigombana ndani ya chumba cha mtu.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwalimu mmoja kijana, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wetu, alihamia pamoja na mkewe katika nyumba yao ya kwanza: vyumba viwili vya kupanga, jiko dogo na kibaraza. Walitualika kwa chakula cha mchana. Sebuleni tulikuta viti vinne vyeupe vya plastiki, kila kimoja na miguu minne myembamba ya mbao iliyotanuka kwa nje; tulikuta pia meza ya duara, na taa kubwa mfano wa kibuyu ikining'inia darini. "Mwalimu," kijana alituambia kwa furaha, "huu ni mtindo wa katikati ya karne. Ndio unaotakiwa siku hizi." Tulipovuta kiti ili tukae, mguu mmoja ulicheza katika tundu lake. Kando ya ukuta yalikuwapo maboksi matano ya vitabu, maana fedha za kununulia rafu hazikubaki. Baadaye tulielezwa kwamba vyombo vile vilinunuliwa katika duka moja la mjini kwa mkopo wa chama cha akiba, na mkopo wenyewe ungelipwa kwa muda wa miezi kumi na minane.

Mgeni mwenye adabu hahakiki viti vya mwenyeji wake. Tulikula, tukashukuru, tukaondoka. Hata hivyo, tuliondoka na swali: je, mtindo huu ambao kijana wetu ameingia deni kwa ajili yake ulikusudiwa nani, na ulitaka kusema nini? Katika makala haya tutajaribu kulijibu swali hilo. Tutatumia vipimo vile vile tunavyowafundisha wanafunzi wetu kuvitumia katika riwaya na tamthilia, yaani fani na maudhui. Kwani chumba nacho ni kazi ya sanaa, na mwenye kukipamba anasema jambo, ajue asijue.

JINA NA CHANZO

Kwanza tulitazame jina. Mabwana na mabibi waliobuni samani hizi hawakujiita watu wa katikati ya karne. Jina hilo lilienea baada ya Mmarekani Cara Greenberg kulitumia katika kichwa cha kitabu chake cha mwaka 1984 kuhusu samani za miaka ya 1950. Kwa hiyo jina lilienea wakati wenyewe ulipokwisha kupita, nalo lilikuja pamoja na wakusanyaji, minada na bei. Mhakiki hana budi kulikumbuka jambo hili: mara nyingi jina la mtindo hutungwa na anayeuuza, si na aliyeuanzisha.

Chanzo chenyewe ni uhaba. Vita Kuu ya Pili ilipomalizika mwaka 1945, kiasi cha Wamarekani milioni 16 walikuwa wamewahi kuvaa sare za jeshi. Sheria ya mwaka 1944 iliwapa askari hao haki ya kukopa fedha za nyumba kwa masharti nafuu. Wakaoa, wakazaa, wakatafuta pa kuishi. Huko Levittown, karibu na New York, kampuni ya Levitt ilijenga zaidi ya nyumba 17,000 kati ya mwaka 1947 na 1951, na katika mwaka 1949 nyumba moja iliuzwa kwa dola 7,990. Nyumba zilikuwa ndogo na dari zake zilikuwa chini. Makabati makubwa ya mababu, yenye nakshi na miguu mizito, hayakuweza kupita mlangoni. Na hata kama yangepita, yangekijaza chumba kizima.

Hata kabla ya vita vilikuwapo vyombo vilivyolitafakari jambo hili. Jumba la Sanaa za Kisasa la New York lilifanya mwaka 1938 maonyesho ya vyombo vya nyumbani ambavyo kila kimoja kiliuzwa kwa chini ya dola 5. Mwaka 1940 jumba hilo lilitangaza shindano la kubuni samani mpya, na mwaka 1948 likatangaza shindano la kimataifa la samani za bei nafuu. Mambo haya si ya pembeni, maana yanatuonyesha kwamba swali la bei liliulizwa tangu mwanzo, na liliulizwa hadharani.

Miongoni mwa washindi wa shindano la 1940 walikuwamo Charles Eames na rafiki yake Eero Saarinen. Viti vyao vilikuwa vya plaiwudi iliyopindwa kufuata umbo la mwili, lakini plaiwudi ilipasuka ilipopindwa pande mbili kwa pamoja, ikabidi nyufa zifichwe kwa kitambaa na godoro. Kiti kilichokusudiwa kuwa rahisi kikawa ghali. Mwaka 1941 Charles alimwoa Ray Kaiser, wakahamia Los Angeles, wakapanga nyumba. Katika nyumba hiyo ya kupanga waliunda mtambo wao wenyewe wa kupinda maganda membamba ya mbao kwa joto na gundi, na hewa ya kuyakandamizia waliijaza kwa pampu ya baiskeli. Wakati wa vita walitengeneza kwa njia hiyo magango ya plaiwudi ya kufungia miguu ya wanamaji waliovunjika. Baada ya vita, maarifa yaliyopatikana katika magango yaliingia katika viti.

Tunaomba msomaji aisimamishe picha hii moyoni: maharusi wawili, nyumba ya kupanga, pampu ya baiskeli. Hao ndio wazazi wa viti tulivyovikuta sebuleni kwa mwalimu wetu.

FANI

Tukiichunguza fani ya mtindo huu tunaona sifa chache zinazojirudia, na kila sifa ina sababu yake.

Miguu ni myembamba na imeuinua mwili wa kiti, kabati au kitanda juu ya sakafu. Macho hupita chini ya chombo yakaiona sakafu hadi ukutani, na kwa hiyo chumba kidogo huonekana kipana. Fagio nalo hupita bila ya kuhamisha kitu. Mistari ni michache, wala hapana nakshi. Nakshi ni saa za kazi ya fundi, na saa za fundi ni fedha. Aliyeiondoa nakshi alikuwa amepunguza bei kabla ya kupunguza kitu kingine chochote. Viungo havifichwi: ulimi wa mbao unaonekana ulivyoingia katika tundu lake. Mbao hupakwa mafuta au vanishi isiyo na rangi, ili mshipa wa mti uwe ndio pambo.

Tutazame mifano miwili ya Ulaya ya kaskazini. Nchini Finland, Alvar Aalto alibuni mwaka 1933 kigoda cha miguu mitatu ambacho kinaweza kupangwa kimoja juu ya kingine. Wakati ule wasanifu wengi wa Ulaya walikuwa wakipenda mabomba ya chuma. Aalto alichagua mti uotao kwa wingi katika misitu ya kwao, akatafuta namna ya kuupinda mguu wake juu bila ya kuuvunja. Nchini Denmark, umoja wa vyama vya ushirika vya walaji ulianzisha mwaka 1942 ofisi yake ya kubuni samani, ukamweka Børge Mogensen kuiongoza. Mwaka 1947 Mogensen akatoa kiti cha mbao kilichoitwa kwa lugha yao kiti cha watu. Kikalio chake kimesukwa kwa kamba ya karatasi, na sisi tuliolelewa juu ya kitanda cha teremka-tukaze hatuhitaji kufafanuliwa uzuri wa kikalio cha kamba: kinabonyea, kinapitisha hewa, na kikilegea hukazwa tena.

Fani hiyo, basi, ilizaliwa na mahitaji. Hapa ndipo tunapoweza kuingia katika maudhui.

MAUDHUI

Kwa maoni yetu maudhui ya mtindo huu yanaweza kujumlishwa hivi: chombo kizuri ni haki ya mtu wa kawaida, na uzuri wake utokane na kazi yake. Wazo hili lina matawi matatu, ambayo ni unafuu, uimara na uzuri. Yote matatu yalidaiwa kwa pamoja. Aliyeleta mawili akaacha la tatu alihesabiwa kuwa hajamaliza kazi.

Mfano ulio bora wa dai hili ni kiti cha faibaglasi cha akina Eames. Katika shindano la 1948 waliwasilisha, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha California huko Los Angeles, kiti cha bati lililogongwa kwa kalibu, wakapata zawadi ya pili. Lakini bati lilionekana kuwa ghali mno kutengenezwa kwa wingi. Hawakupandisha bei, walibadili mali ghafi. Mwaka 1950 kiti kikatoka kwa faibaglasi, kikalio na mgongo vikiwa kipande kimoja, nacho kikaenea katika madarasa, viwanja vya ndege na kumbi za mikutano.

Mogensen naye alikuwa na njia yake ya kulifikia dai hilo. Yeye na Grethe Meyer walipima vitu ambavyo kaya ya kawaida huwa navyo, kama mashati, mashuka, sahani na vijiko, wakahesabu ni vingapi na vinahitaji nafasi kiasi gani. Kutokana na vipimo hivyo walibuni makabati ya ukutani yaliyotolewa mwaka 1954. Wao hawakuanza na kabati. Walianza na shati. Tunawaomba walimu wenzetu wauone uzito wa utaratibu huu. Ni sawa na mwandishi anayewasikiliza wahusika wake kabla ya kuamua sura za riwaya.

Jambo jingine husahauliwa. Nyumba ambayo akina Eames walijijengea mwaka 1949 huko Pacific Palisades, California, ilijengwa kwa vyuma na vioo vya kawaida vya kiwandani. Lakini ndani yake hapakuwa patupu wala baridi kama picha za matangazo ya leo zinavyodai. Ilijaa mablanketi, vikapu, wanasesere, mimea na vitu vya mikono walivyookota safarini. Chombo chepesi kiliwekwa ili maisha mazito yapate nafasi. Na mwaka 1960 Ray alibuni vigoda vya mbao ya mjozi kwa ajili ya jengo la Time-Life la New York. Ukivitazama utadhani vimetoka kwa mchongaji wa kijijini kwetu.

KASORO ZA MTINDO

Uhakiki usiotaja kasoro ni sifa tupu. Kasoro tunazoziona ni tatu.

Ya kwanza ni swali la wengi hao ni akina nani. Mikataba ya mwanzo ya nyumba za Levittown ilikataza nyumba hizo kukaliwa na watu wasio Wazungu. Kwa hiyo askari Mwafrika wa Marekani aliyepigana vita vile vile alifungiwa mlango. Viti vilisema "kwa wote", lakini mkataba wa nyumba ulisema "si wewe".

Ya pili ni jina la mwanamke. Mwaka 1946 Jumba la Sanaa za Kisasa lilipoonyesha samani mpya za plaiwudi, lilizitangaza kwa jina la Charles Eames peke yake, ingawa Ray alikuwa ameukesha mtambo ule pamoja naye.

Ya tatu ni misitu. Mafundi wa Denmark waliupenda mno mtiki kutoka Asia, na kile kiti maarufu cha kujinyoosha cha akina Eames cha mwaka 1956 kilivikwa maganda ya mti wa thamani wa Brazil. Mti huo ulikatwa hata ukakaribia kwisha, na tangu mwaka 1992 biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku. Unafuu wa mnunuzi wa New York ulilipiwa na msitu wa mbali.

WATOTO WATATU

Tumesema kwamba matawi ya wazo hili yalikuwa matatu. Historia imeyagawa matawi hayo kwa watoto watatu, na hakuna hata mmoja aliyerithi yote.

Mtoto wa kwanza alirithi uzuri na uimara, akauacha unafuu. Huyo ndiye kiti halisi kinachotolewa hadi leo kwa idhini ya wenye haki. Kile cha kujinyoosha huuzwa sasa kwa zaidi ya dola 5,000, na hata kile kiti cha watu cha Denmark huuzwa kwa mamia ya dola. Kiti cha mfanyakazi kimekuwa kiti cha mwajiri.

Mtoto wa pili ni nakala, kama tulizozikuta kwa mwalimu wetu. Huyu hana uimara, na unafuu wake ni wa siku ya kununua tu. Alichorithi ni sura. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Miguu inayotanuka ilitanuka ili kuleta uthabiti. Katika nakala imetanuka kwa sababu picha ilionyesha hivyo, na skrubu mbili fupi ndizo zinazoushika uzito wa mwanadamu. Hii ndiyo fani iliyoachana na maudhui yake, sawasawa na shairi lenye vina na mizani lisilo na neno la kusema.

Mtoto wa tatu hatajwi kamwe katika majarida ya mapambo, ingawa tunamkalia sote. Ni kile kiti cha plastiki cha kipande kimoja, cheupe au cha buluu, kinachokodiwa kwa harusi na matanga. Ndoto ya kiti cha kipande kimoja ilianza na watu wa katikati ya karne. Mdenmark Verner Panton aliifikia mwaka 1967 kwa kiti chake cha plastiki kilichopindwa kama ulimi, na mwaka 1972 Mfaransa Henry Massonnet akatoa kiti kilichoweza kufyatuliwa kwa muda wa dakika mbili hivi. Kutoka ukoo huo vimezaliwa viti visivyo na hesabu duniani. Kwa upande wa unafuu, huyu peke yake ndiye aliyetimiza ahadi: amemfikia mtu wa chini kabisa. Lakini mguu wake ukivunjika hapana fundi awezaye kuuunga, na kipande chake hakiozi. Tunamcheka, huku tukisahau kwamba ni jamaa wa karibu wa vile vinavyowekwa katika majumba ya makumbusho.

MTINDO HUU KWETU

Pengine msomaji atauliza: haya ya Marekani na Denmark yanatuhusu nini? Jibu ni kwamba usasa wa namna hii ulifika kwetu mapema, nao ulifika kwa mlango wa shida pia.

Msanifu Mjerumani Ernst May aliongoza huko Frankfurt, kati ya mwaka 1925 na 1930, ujenzi wa zaidi ya nyumba 10,000 za watu wa kipato kidogo; na mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky alibuni kwa ajili ya nyumba hizo jiko dogo ambalo kila hatua ya mpishi ilikuwa imehesabiwa. Mwaka 1934 May alikuja Afrika ya Mashariki, akalima Tanganyika, kisha akafanya kazi ya usanifu Nairobi. Jengo la Makumbusho ya Uganda hapa Kampala, lililofunguliwa mwaka 1954, ni la mkono wake. Walimu wanaopeleka wanafunzi huko kutazama ngoma na marimba wanapita ndani ya kazi ya katikati ya karne bila ya kuijua.

Fauka ya hayo, vipo viti vya serikali. Enzi za ukoloni na miaka ya kwanza ya uhuru, Idara ya Kazi za Umma ilizipatia nyumba za watumishi samani za namna moja: kiti kipana cha mbao ngumu, mikono bapa inayoweza kubeba kikombe cha chai, na mito miwili inayotolewa ikafuliwa. Vilikuwa viti vya ukoloni, vikiwekwa kwa ngazi za vyeo, nasi hatuvisifu kwa hilo. Lakini kwa ufundi vilistahili kulinganishwa na vile vya Denmark. Vingine bado viko katika ofisi za shule, vimepakwa rangi ya mafuta mara nne au tano, na hutupwa stoo kila shule inapopata fedha za kununua kochi la sponji.

MAFUNZO KWA MWENYE NYUMBA YA KWANZA

Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kijana mwenye mshahara mdogo anayeupenda mtindo huu asikatazwe kuupenda. Aonyeshwe tu pa kuushikia. Tunapendekeza mambo yafuatayo.

Kwanza, aanze na shati kama Mogensen. Aandike shughuli zitakazofanyika ndani ya nyumba kabla ya kuandika vitu: kula, kusahihisha madaftari, kulaza wageni, kuweka vitabu. Kisha apime ukuta kwa futi, ahesabu vitabu na sahani zake. Orodha ya shughuli huwa fupi kuliko orodha ya dukani.

Pili, fedha nyingi iende kwa chombo kitakachobeba uzito kila siku, yaani kitanda, kiti cha kazi na meza. Taa, mto na picha vinaweza kungoja, au vikapatikana kwa njia nyingine. Mkeka wa ukindu, kibuyu na kikapu havikosi sokoni, na katika nyumba ya akina Eames vingepata mahali.

Tatu, atafute cha zamani kabla ya kipya. Katika minada na stoo za shule hupatikana mbao kavu za mvule ambazo leo ni adimu kuzipata. Kiti cha serikali kilichokwanguliwa rangi, kikapigwa msasa na kupakwa mafuta, hakina deni kwa nakala yoyote.

Nne, ajue njia ya kwa seremala. Mafundi wa Nsambya hapa Kampala, wa Ngong Road kule Nairobi na wa Keko huko Dar es Salaam wanaweza kuiga picha yoyote utakayowapelekea. Hapo ndipo ilipo hatari, maana ukipeleka picha utaletewa picha. Afadhali upeleke vipimo na masharti: mbao ziwe zimekauka, viungo viwe vya ulimi na tundu, si vya misumari, watoto wa meza watelezwe mbele yako kabla hujalipa, na mti uwe wa kupandwa, kama msonobari, pale ambapo si lazima uwe mgumu. Aalto aliutukuza mti wa kwao uliokuwa ukidharauliwa. Nasi tuna miti inayodharauliwa.

Tano, asinunue vyote kwa siku moja. Mkopo wa miezi kumi na minane hukijaza chumba kwa siku moja, kisha hukizuia kubadilika kwa mwaka mmoja na nusu. Chumba kisichojaa hakina aibu. Katika mtindo huu nafasi tupu ni sehemu ya fani, na ndiyo sehemu pekee isiyolipiwa.

HITIMISHO

Kabla ya kuipeleka rasimu hii kwa mhariri tuliona ni haki kuwasomea wale vijana wawili. Mwalimu alisikiliza akitikisa kichwa, akakubali habari ya skrubu. Miguu miwili ilikuwa imekwisha kulegea. Tuliona pia kwamba maboksi yalikuwa yameondoka. Ukutani ilikuwapo rafu ya msonobari yenye ngazi nne, isiyo na nakshi, iliyofanywa na seremala wa mtaani kwa fedha taslimu. Vitabu vilisimama wima.

Mkewe ndiye aliyetupinga. "Mwalimu," alisema, "tangu nizaliwe nimekalia viti vya watu. Kwetu vilikuwa vya urithi, shuleni vya shule, na hapa tulipohamia tulitaka kupewa vya shemeji. Hivi vinne ni vya kwanza nilivyochagua mwenyewe. Katika makala yako hukuliweka hilo." Tulikiri kwamba hatukuliweka, na tukaahidi kuliweka. Tunaliweka hapa. Kuchagua ni sehemu ya thamani ya samani, wala hakupimwi kwa skrubu. Kosa halikuwa katika tamaa yake ya kuwa na kitu kizuri, kwani tamaa hiyo ndiyo iliyouzaa mtindo wenyewe. Kosa ni la wale walioichukua ahadi aliyowekewa mtu wa namna yake, wakamuuzia picha ya ahadi hiyo kwa mkopo.

Mwisho tunawageukia walimu wenzetu. Katika kuandika makala haya tumetatizwa na maneno. Tumesema "mtindo wa katikati ya karne", lakini mwanafunzi aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 atauliza, karne ipi? Tumesema "nakala" kwa chombo kinachoiga sura ya kingine, na pengine lipo neno kali zaidi linalotumika pwani. Mwenye istilahi bora atuletee tuijadili katika toleo lijalo. Na atakayekuwa na habari za viti vya zamani vilivyoko stoo katika shule yake, asiviache viliwe na mchwa; avipime, avichore, awaonyeshe wanafunzi wake viungo vyake.